Toba ya Mzee Josaphat

Katika paroasi moja ya Bigo, mtaa wa mji wa Bunia, ambayo jina lake tuliache kwa sababu watu wake bado wanasalimiana kwa shida, mtu akitaka kutubu mbele ya kanisa huleta karatasi yake mwenyewe. Ndiyo desturi. Karatasi moja nyeupe isiyo na mistari, anaikunja, anaipeleka kwa katibu, na katibu anaandika dhambi. Kwa nini kanisa lisitoe karatasi, hakuna anayejua. Labda mzee fulani wa zamani alionelea mwenye dhambi ajitaabishe walau kidogo.

Katibu alikuwa Rébecca, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko mambo aliyoyaandika. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameandika toba za wazinzi, za wanawake waliopigana kwenye bomba la maji, na ya shemasi mmoja aliyekwenda kwa mganga akidhani hakuna aliyemwona. Wale wasiojua kusoma walikuwa na utaratibu wao: Rébecca alisimama nao mbele, bega kwa bega, akatamka kipande, nao wakarudia, kipande kwa kipande mpaka mwisho. Mtu akinong'ona kwa haya, Rébecca alimwambia taratibu, "Kwa nguvu kidogo. Wa nyuma hawasikii." Watu walizipenda sana Jumapili hizo. Hata wale waliozoea kufika sadaka imekwisha kupita walikuwa kwenye viti tangu wimbo wa kwanza.

Na yeye mwenyewe hakuzichukia, tuseme ukweli. Kusimama pale ukiwa safi, ukimlisha mwenzako maneno ya aibu yake, ni raha ya aina fulani, na Rébecca aliionja miaka yote hiyo bila kujiuliza ni raha gani.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mzee Josaphat aliingia ofisini na karatasi imekunjwa mara nne katika mfuko wa shati, na Rébecca akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Jambo, mama katibu. Karatasi nimeleta."

"Karibu, papa Josaphat. Ikala." Akamwonyesha kiti.

"Siwezi ikala. Annie iko yeye moja ku nyumba."

Josaphat alikuwa amelinda lango la paroasi kwa miaka mingi, mpaka mwezi wa sita alipowekwa disipilini, yaani chini ya adhabu ya kanisa, akanyang'anywa funguo na kuhamishiwa benchi la nyuma kanisani. Annie alikuwa mke wake. Tumbo lake lilikuwa limevimba tangu mwezi wa saba, na hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani kwa maneno ya upole mno. Bunia nzima inajua maana ya maneno hayo.

"Uniandikie toba," akasema Josaphat. "Nitasema yote yenye banataka. Sitaki Annie azikwe sawa mutu hana kanisa."

Maana hiyo nayo ilikuwa desturi ya pale. Nyumba ya mtu aliyewekwa disipilini, msiba ukiingia, pasta haendi na kwaya haiimbi, hata kama aliyekufa siye mwenye kosa. Rébecca aliijua kanuni hiyo kwa sababu aliinakili mwenyewe katika daftari la kanisa, kwa ule mwandiko wake mzuri.

"Na ile ya pombe utaiweka?" akauliza mzee.

"Pombe gani?"

"Pasteur alisema nikisema nilikuwa nimekunywa, batu bataelewa mbio." Akatabasamu kidogo, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimsumbua mtu. "Miye sikugusa pombe tangu quatre-vingt-quatorze, tisini na ine, mwaka ya ubatizo yangu. Lakini andika tu, mama. Ni neno tu."

Alilisema bila hasira, na hapo ndipo Rébecca alipoumia. Laiti angemtukana! Kwa sababu kosa ambalo Josaphat alikuja kuliandikisha halikuwa lake hata kidogo. Lilikuwa la pasta, na lilikuwa la mwanamke huyu huyu aliyekaa na kalamu mkononi, akiangalia meza.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tano, Jumatano moja saa tisa alasiri, watoto mia moja na arobaini wa darasa la sita walikuwa ndani ya uwanja wa kanisa wakirudia masomo ya mtihani wa serikali. Milio ya risasi ikasikika upande wa soko. Watu wa Bunia hawahitaji kuelezwa cha kufanya. Barabara ilijaa mara moja, mama na watoto na motari wa pikipiki na mabeseni, wote wakikimbilia mahali penye ukuta. Kanisa lilikuwa na ukuta. Pasta Ézéchiel akatoka mlangoni mwa ofisi, uso umembadilika.

"Rébecca, kimbia umuambie Josaphat afunge portail. Asimufungulie mutu, hata nani."

Alikimbia viatu mkononi. Josaphat alikuwa ameachia upande mmoja wa lango, akiwavuta watu ndani kwa mkono.

"Funga, papa Josaphat!"

"Na bale batu, mama? Ni bale balikimbia vita kule Gety, banaishi hapa nyuma. Minabajua."

"Pasteur amesema ufunge!"

Mzee akasita, ameshika bati la lango kwa mikono yote miwili, akitazama nje. Basi Rébecca akapita chini ya mkono wake, akalisukuma komeo yeye mwenyewe kwa kiganja cha kulia. Lilikuwa zito, likaingia kwa mlio. Kisha wakasikia mikono ikipiga bati, mingi, na sauti ya mwanamke juu ya sauti zote: "Mufungule! Mama ameanguka! Mufungule, mama iko chini!"

Hawakufungua. Walisimama pale, yeye na Josaphat, wasitazamane, mpaka kukawa kimya.

Baada ya nusu saa habari ikaja kwamba hakukuwa na vita yoyote. Askari wawili walikuwa wamegombania simu, mmoja akapiga hewani. Lango likafunguliwa. Nje kulikuwa na kandambili zisizo na wenyewe, sombe, majani ya muhogo, imemwagika kutoka kwenye beseni, na Bénédicte, yule mwanamke aliyekuwa akiita, ameketi kando ya mtaro, kichwa cha mama yake mapajani. Mama yule alikuwa ametoroka Gety kwa miguu miaka miwili nyuma, akavuka salama mahali ambapo wengi hawakuvuka, akaja kukanyagwa na kufia kwenye mlango wa kanisa.

Wakati wa kilio Rébecca alienda siku zote nne. Alikata sombe, akapika, akamshika Bénédicte mkono, na Bénédicte akamwambia mbele ya watu, "Aksanti, dada. Weye uko mutu." Rébecca aliinama akaendelea kukata sombe. Hebu fikiria: ulimi ule ule uliozoea kusomea kanisa zima dhambi za watu ulishindwa kutamka maneno matatu: ni mimi niliyefunga.

Siku ya kumaliza kilio watu wa Gety wakaanza kuuliza ni nani aliyefunga. Hapo pasta alimwita ofisini.

Pasta Ézéchiel hakuwa mtu mbaya, na mimi sitamfanya mbaya ili hadithi iwe rahisi. Mwaka elfu mbili na tatu, Rébecca akiwa na miaka tisa, hana baba wala mama, ni yeye aliyemtoa kwenye mahema ya wakimbizi kwa kumshika mkono, akamweka nyumbani kwake, akamsomesha mpaka diploma, akamsindikiza siku ya ndoa. Rébecca alimwita papa na hakuwa akiigiza. Siku ile pasta alifunga mlango wa ofisi kabla ya kuongea.

"Nilikuwa na batoto cent quarante mule ndani. Nilijua gani ni nani iko nyuma ya bale batu? Lakini sasa batasema pasteur wa kabila ingine alibafungia mulango ya Mungu. Na jioni tutakuwa makanisa mbili. Unaelewa?"

"Ndiyo, papa."

"Josaphat ni mutu wa kwabo. Kama ni yeye alifunga, ile likambo ya portail itaisha. Mutu wa kwabo hawezi kuwa adui."

"Lakini papa, ni miye nilimuletea neno."

"Njo maana nimekuita," akasema pasta, na akaangalia dirishani.

Baraza la wazee likaketi. Josaphat alipoulizwa, alisema waziwazi: "Mama Rébecca aliniletea neno ya pasteur." Vichwa vyote vikageuka. Pasta hakumtazama, alikuwa akitazama kalamu yake. Rébecca akafungua mdomo, na yaliyotoka ni haya: "Sikumbuki muzuri. Kulikuwa makelele mingi."

Ndiyo hayo tu. Kisha, kwa kuwa alikuwa katibu, akainama akaandika katika ripoti ya kikao kwamba katibu alisema hakumbuki vizuri. Josaphat alimtazama mara moja, kwa mshangao zaidi kuliko chuki, halafu hakumtazama tena. Jumapili iliyofuata Rébecca alisimama mbele ya kanisa akasoma tangazo la kumweka Josaphat disipilini. Alilisoma bila kukwama.

Ndiyo maana, sasa tukirudi kwenye ile asubuhi ya mwezi wa tisa, hakuweza kuinua macho. Aliandika toba ya Josaphat juu ya karatasi ya Josaphat, akaweka kila uongo uliotakiwa isipokuwa ule wa pombe. Alijiambia kwamba kwa kuuacha ule mmoja amemtetea mzee. Mtu akikosa la kujishikia, hushika hata unyasi.

Akaipeleka kwa pasta. Pasta aliisoma amesimama.

"Iko inakosa neno moja."

"Papa, ile neno si ya kweli."

"Na zingine zote ni za kweli?"

Nje watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo, wakikosea mahali palepale kila mara.

"Papa, tuseme tu vile ilikuwa. Batu bataelewa. Batoto balikuwa ndani."

Pasta akaketi. Alionekana amezeeka tangu mwezi wa tano, na Rébecca akamwonea huruma, huruma ya kweli, jambo lililozidi kumchanganya.

"Rébecca. Nilikutosha mu ma-bâche, mu yale mahema ya bakimbizi, na mukono hii. Nilikuomba kitu gani miaka yote ile?"

Hakuwahi kumwomba kitu. Hilo nalo lilikuwa kweli. Pasta akachukua Bic nyekundu, akaongeza mstari mmoja juu ya mwandiko wake, akamrudishia karatasi. Rébecca akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa nyumbani mwa pasta.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu wa Gety walikuja wote. Bénédicte aliwekwa kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani, kwa sababu baada ya toba alitakiwa asimame ampe Josaphat mkono wa msamaha mbele ya wote. Mzee alikuja na koti la kuazima, mikono ya koti ikimfunika vidole. Annie hakuweza kutoka kitandani.

Wakasimama bega kwa bega.

"Mimi Josaphat," akasema Rébecca.

"Miye Josaphat."

"Mbele ya Mungu na mbele ya kanisa lake."

"Mbele ya Mungu na mbele ya kanisa yake."

"Ninatubu."

"Minatubu."

Kilichofuata kilikuwa chekundu. *Nilikuwa mlevi, nikafunga lango bila kutumwa na mtu.* Rébecca aliyaona maneno, akayafungulia mdomo, na sauti ikakataa. Josaphat alimgeukia, akamtazama midomo, amefunua kinywa chake kidogo, anangoja kama mgonjwa anayengoja kijiko cha dawa. Mtu akakohoa. Kiti kikalia. Pasta, kwenye kiti chake cha mbele, hakusogea.

"Mama, endelea," akanong'ona mzee.

Hakuendelea. Basi Josaphat akafanya jambo ambalo Rébecca hakulitegemea. Aligeukia watu, akashusha mikono, akasema peke yake, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi nyumbani: "Nilikuwa mulevi. Nikafunga portail. Mutu hakunituma."

Alikuwa ameyaweka yote kichwani.

Ikawa imekwisha. Rébecca hakuwa amelitamka. Aliponea hapo, ukitaka kuhesabu kama mwoga anavyohesabu. Kilichobaki ni kuikunja karatasi na kurudi kwenye kiti chake, kama mwezi wa sita, na mwezi wa sita ilikuwa rahisi. Bénédicte alikuwa ameshasimama. Machozi yalikuwa yakimtoka, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa kumwelekea Josaphat, mkono ule ule ambao Rébecca aliushika siku nne za kilio. Rébecca aliutazama ukipita mbele ya kifua chake kwenda kumsamehe asiyehusika, na aibu ikampanda.

"Hapana," akasema.

Bénédicte akakwama pale pale.

"Mimi Rébecca," akasema Rébecca.

"Miye Rébecca," akarudia Josaphat kwa mazoea, na mtoto mmoja akacheka upande wa madirisha. Mzee akafunga mdomo.

"Mimi Rébecca, mbele ya Mungu na mbele ya kanisa lake, ninatubu. Papa Josaphat hakulewa. Hakufunga. Alikuwa akiwaingiza watu. Mimi nilimletea neno afunge, na neno lilitoka kwa pasta."

"Rébecca," akasema pasta kutoka kitini, kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani. "Ikala."

Magoti yake yakakunjika yenyewe. Miaka ishirini na zaidi ya kutii haiko kichwani, iko kwenye magoti, na alikaribia kabisa kuketi sakafuni mbele ya watu mia nne. Akashika meza ya Bwana, akasimama tena wima.

"Josaphat alisita. Komeo nililisukuma mimi, kwa mkono huu. Nilimsikia Bénédicte akiita na sikufungua. Na kwenye baraza nilisema sikumbuki. Ninakumbuka. Kila siku ninakumbuka."

Kama unangoja kusikia kwamba moyo wake ulitua, usingoje. Alidhani kusema kutamwosha. Alibaki amesimama pale akijisikia amevuliwa nguo. Bénédicte alimtazama mkono, si uso.

"Ni ile mukono ulikata nayo sombe ku kilio ya mama?"

"Ni hii."

Bénédicte akauvuta mkono wake mwenyewe, akauficha ndani ya kitenge, akatoka kwa mlango wa pembeni. Wanawake wa Gety wakainuka mmoja mmoja, wakamfuata bila neno. Pasta akasimama, akasema tuimbe, na hakuna aliyeanzisha. Mwishowe akatangaza kwamba toba ya Josaphat haikukamilika na baraza litaketi. Katika yote yaliyosemwa mbele yake siku ile, hilo ndilo alilopata kujibu! Lakini mimi niliyekuwa kwenye viti nilimwona akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa, na sikuweza kumchukia vile nilivyotaka.

Nje, Josaphat alimngoja Rébecca kwenye ngazi, koti amelivua.

"Mama, umenifanya nini?"

"Nimesema kweli, papa."

"Kweli." Alilitamka neno hilo taratibu. "Miezi tatu, ile kweli ilikuwa wapi? Miye nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimesha sema yote. Sasa Annie nitamuzika na nani?"

Mzee hakungoja jibu. Alikuwa akirudi haraka nyumbani.

Baraza liliketi mara mbili bila kukubaliana. Wengine walisema pasta aombe msamaha, wengine walisema katibu amemvua nguo baba yake, na kanisa halikugawanyika kwa kabila kama pasta alivyohofia. Liligawanyika hovyo, hata mke na mume walikaa viti mbalimbali. Rébecca alirudisha funguo za ofisi kabla hajaombwa. Jumapili alikaa kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyemweka pale, alijiweka. Josaphat alikuwa kwenye mwisho wa pili wa benchi hilo hilo, na kati yao wangeweza kukaa watu watano.

Annie alikufa katikati ya mwezi wa kumi, Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana. Kwa kuwa disipilini ya mumewe haikuwa imeondolewa, kwaya haikuja. Pasta naye hakuja, ingawa watu wawili waliapa kwamba walimwona kwenye kona ya barabara amevaa koti lake jeusi, amesimama, kisha akarudi alikotoka.

Rébecca alifika kwenye kilio akabaki kando ya ua, hajui akae wapi. Bénédicte alikuwa ameinamia sufuria pamoja na wanawake wa Gety. Hakumsalimia. Baada ya muda mrefu alisukuma bidoni tupu ya maji kwa mguu, ikaburuzika mpaka karibu na Rébecca.

"Maji imeisha," akasema, akiangalia moto.

Rébecca alikwenda kuchota. Alikwenda mara sita, na hakuna aliyemwambia aache wala aliyemwambia aksanti.

Makaburini hawakuzidi watu thelathini. Jeneza lilikuwa limeshashushwa na wanaume wakaanza kutazamana, kwa sababu hakuna aliyejua nani aseme. Mmoja alianza wimbo, akausahau ubeti wa pili. Josaphat akatazama huku na huku mpaka akamwona.

"Mama Rébecca. Kuya hapa."

Akaja, amejifunga kitenge, mikono imechubuka kwa bidoni.

"Sina kitabu, papa. Kitabu ilibaki ku biro ya kanisa."

"Sihitaji kitabu. Leo miye nitasema. Weye utarudia."

Wakasimama bega kwa bega, kama ile siku. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa kwenye viatu vya mzee.

"Mungu, huyu ni Annie," akasema Josaphat.

"Mungu, huyu ni Annie."

"Hakumukosea mutu."

"Hakumukosea mutu."

"Alimuambia bwana yake asiseme uongo mbele ya kanisa. Bwana akijifunza ile uongo ku nyumba, Annie alifunika masikio, akakatala kusikia."

Rébecca hakuwa amelijua hilo. Alirudia kila neno.

"Bwana yake akausema, juu ya kumuzika muzuri."

"Bwana yake akausema, juu ya kumuzika muzuri."

Upande wa pili wa shimo, Bénédicte alikuwa ameinua uso.

"Lakini huyu mwenye iko narudia," akasema mzee, polepole, akimpa nafasi ya kushika kila neno, "uongo yake njo ilikuwa ya kwanza."

Rébecca alifungua mdomo. Alilitazama jeneza, akaangalia miguu yake, akarudia maneno yote mpaka mwisho bila kuruka hata moja. Lakini alinong'ona.

"Na nguvu kidogo, mama," akasema Josaphat, bila ukali wowote. "Ba nyuma habasikie."